Mlinzi wa Kitambaa cha Jua

Nchi yetu haina shida ya umeme. Naliweka hili mbele kabisa, ili msomaji asije akanielewa vibaya halafu akaenda kunisemea mahali. Umeme tunao mwingi tu. Kinachotusumbua ni kwamba bado haujazinduliwa.

Kwetu kitu kisichozinduliwa hakipo. Ndivyo sheria inavyosema, na sheria yenyewe ilipitishwa kwa makofi. Daraja lililokwisha kujengwa lakini halijakatiwa utepe si daraja, ni zege lililolala juu ya mto, na mwananchi mwema anakunja suruali, anavuka majini chini yake huku akilitazama kwa heshima. Iko shule moja upande wa kusini ambayo wanafunzi wake walisomea nje ya madarasa mapya mpaka baadhi yao wakawa walimu wa shule hiyo hiyo, na sasa wanafundishia nje. Mwenye mamlaka ya kuzindua ni mtu mmoja, Mheshimiwa Mzinduzi Mkuu. Nchi nyingine wangemwita rais au mfalme, lakini sisi tuliona majina hayo hayaelezi kazi anayoifanya.

Mimi ni mtumishi wa Wizara ya Sherehe, Idara ya Vitambaa. Kazi yangu ni kukilinda kitambaa kinachofunika kitu kinachosubiri kuzinduliwa. Nimelinda vitambaa vya visima, vya masanamu, na cha jiwe la msingi la kiwanda cha kutengeneza mawe ya msingi. Nimezeekea kwenye kiti cha plastiki mbele ya vitu vilivyofunikwa. Mtu akiniuliza ndani kuna nini, nasema sijui, maana kujua ni kazi ya idara nyingine.

Basi nikapelekwa Tutafika, na huko ndiko nilikochoka.

* * *

Tutafika ni kijiji kilichoko pale barabara inapokata tamaa. Kina zahanati moja, na zahanati ina nesi mmoja anayeitwa Nyamizi, mwanamke mrefu, mkavu, asiyekuwa na subira na watu wa serikali ingawa yeye mwenyewe analipwa na serikali, inapokumbuka.

Zamani zahanati ile ilikuwa na jenereta la dizeli. Watu waliliita Babu kwa sababu ya kikohozi chake. Ukiliwasha lilikohoa, likanyamaza mpaka ukadhani limekufa, halafu likakohoa tena na kuanza kazi. Kwa mwanga wa Babu walizaliwa watoto wa kijiji kizima, na kwa Babu ndiko watu walikochaji simu zao.

Mzinduzi Mkuu alipotangaza Zama za Jua, alisema taifa haliwezi kuingia zama mpya huku puani lina moshi wa zama za zamani. Akaagiza majenereta yote ya dizeli yazikwe kwa heshima, kwa kuwa nayo yalilitumikia taifa. Babu wa Tutafika akateuliwa kuzikwa kitaifa kwa niaba ya wenzake. Likachimbwa kaburi nyuma ya zahanati, likajengewa kwa marumaru, bendi ikapiga muziki wa huzuni. Mzinduzi Mkuu alijifuta macho kwa leso nyeupe.

"Nenda, mtumishi mwema," akasema. "Ulituchafulia hewa, lakini ulituchafulia kwa upendo."

Watu walilia, na Nesi Nyamizi alilia kuwashinda wote. Gazeti la serikali liliandika kwamba huo ndio uzalendo.

Wiki ile ile lori la wizara lilirudi kumfukua. Wanakijiji waliambiwa marehemu anahitajika mjini kwa uchunguzi wa chanzo cha kifo. Marumaru ikarudishiwa vizuri, maua yakapangwa upya, na hadi leo wanafunzi hupelekwa kulizuru kaburi lile. Inasemekana uchunguzi unafanyikia shambani kwa Waziri wa Jua, Dakta Mbilizi, na kwamba ukipita nje ya ukuta wake saa ya kumwagilia mboga, unausikia uchunguzi ukikohoa. Mimi sisemi kitu.

Pamoja na majenereta vilipigwa marufuku vibatari, chemli na mishumaa, kwa kosa la kutoa moshi. Baadaye sana ndipo zilipokuja paneli za jua. Mafundi walizifunga kwenye nguzo za chuma uani kwa zahanati, wakavuta nyaya, wakaweka betri, wakaning'iniza taa kila chumba, wakaenda zao. Jioni ya siku hiyo hiyo kikaja kitambaa, na mimi nyuma yake na kiti changu.

Kilikuwa kitambaa cha satini, rangi ya dhahabu, kimeshonwa ng'ambo, kipana na kizito hata upepo wa Tutafika, ambao huezua mabati, haukuweza kukiinua. Tulizifunika paneli zote, tukakifunga kwa kamba chini ya nguzo, na kila fundo likapigwa lakiri ya serikali. Msomaji asishangae. Daraja ukiliacha wazi linakaa tu, halina kiherehere. Paneli ukiziacha wazi, asubuhi jua likichomoza zinaanza kutengeneza umeme bila kuambiwa na mtu, na hapo jua litakuwa limeuzindua mradi kabla ya Mzinduzi Mkuu. Wanasheria wa wizara walilikalia jambo hilo, wakaona linapakana na uhaini.

* * *

Nilipewa chumba kwa Bi Mboni, mama mmoja mjane anayeishi jirani na zahanati pamoja na binti yake, Sikitu. Mume wa Sikitu alikuwa migodini, na Sikitu mwenyewe alikuwa mjamzito. Ilikuwa mimba ya pili. Ya kwanza alijifungua baada tu ya mazishi ya Babu, mtoto akatanguliza mguu, na Nesi Nyamizi akawa anamhangaikia huku ameng'ata simu yenye tochi ili mikono yake iwe huru.

"Simu ikaisha chaji," Bi Mboni aliniambia. Aliniongezea mchicha kwenye sahani, akanikaribisha nile.

Nilikula, lakini sikuusikia ule mchicha ladha yake.

Kesho yake Nesi Nyamizi alikuja kusimama mbele ya kiti changu. Nilikuwa nimekiweka kivulini, upande ule kitambaa kinaponing'inia.

"Mzee wa Kitambaa, shikamoo."

"Marahaba, Nesi."

"Nimempima Sikitu asubuhi. Mtoto amekaa vibaya, kama yule wa kwanza. Anaweza akageuka, anaweza asigeuke. Akija na mguu tena, mimi nataka nimwone tu. Sitaki dawa, sitaki gari, sitaki nyongeza ya mshahara. Fungua upande mmoja, betri zijae, kisha ufunge."

"Kuna lakiri."

"Lakiri ni nta, mzee wangu. Kwa jua hili inaweza ikayeyuka yenyewe, nani atajua?"

"Ikiyeyuka yenyewe nafungwa mimi."

Alinitazama. Akaitazama paneli iliyoonekana umbo lake chini ya satini, akalitazama na jua, kisha akanirudia mimi.

"Kwa hiyo jua lote hili limejaa uani hapa, na wewe umeajiriwa kulizuia."

"Silizuii jua, Nesi. Nalinda kitambaa."

"Haya, kilinde," akasema, akarudi ndani kwa wagonjwa wake.

Neno langu niliona ni la kijinga wakati bado liko mdomoni. Nililisema hivyo hivyo, kwa sababu ndilo tulilofundishwa chuoni, na kwa sababu nina umri ambao mtu haachi tena kazi, kazi ndiyo inamwacha.

Nilichofanya ni kupanda kilimani penye mtandao wa uhakika na kupiga simu wizarani kuulizia tarehe. Waliniambia Mzinduzi Mkuu yuko ng'ambo, katika nchi moja ya theluji, kwenye mkutano wa jua. Nikapiga tena. Amerudi, lakini ameshikwa na mafua ya huko. Nikapiga tena. Mafua yamekwisha, ila kwaya ya taifa bado haijakubaliana kuhusu wimbo. Kila niliporudi kutoka kilimani nilimkuta Sikitu kibarazani, tumbo limezidi, ananiangalia bila kuuliza. Angeuliza ingekuwa afadhali.

Mwisho walinipa tarehe, na sharti juu yake. Daktari wa Mzinduzi Mkuu alikuwa amemkataza kukaa juani. Kwa hiyo sherehe ya kuzindua umeme wa jua ingefanyika jua likishazama.

* * *

Kabla sijaieleza siku yenyewe, nieleze desturi moja ya Tutafika, maana mgeni hawezi kuijua, na wageni wetu wakubwa hawakuijua.

Mwanamke wa pale akishikwa na uchungu mahali pasipokuwa na ukuta, njiani au shambani, wenzake humzunguka, wakafungua kanga zao na kuzishika ncha kwa ncha mpaka ukapatikana ukuta. Ukuta wa kanga ukishasimama, hakuna mwanamume anayebaki upande ule. Hakuna anayefukuzwa. Wanaume wenyewe huinuka na kwenda mahali ambapo hawataona wala kusikia, na hata jogoo akipita anaswagwa. Bi Mboni alinisimulia jinsi mkuu wa wilaya mmoja, mzaliwa wa huko huko, alivyokuwa akifungua mkutano sokoni, ukuta ukasimama kando ya mizani ya pamba, naye akaondoka na kuviacha viatu vyake chini ya meza. Hakurudi kuvichukua siku ile. Watu walimsifu sana kwa hilo.

"Mwanamume anayebaki," alisema Bi Mboni, "hata mamake hamjibu salamu."

* * *

Siku ya sherehe magari yalianza kufika asubuhi. Likajengwa jukwaa, likatandikwa zulia jekundu kutoka barabarani, likipita mbele ya zahanati, hadi kwenye kiti cha Mzinduzi Mkuu. Vijana wa usalama wakakusanya simu zote za wananchi wakazitia kwenye magunia, eti mwanga wa tochi unaweza kuichanganya kamera. Wanawake wote wakagawiwa kanga mpya zenye picha ya Mzinduzi Mkuu anatabasamu katikati ya jua, wakaamriwa waziache nyumbani kanga zao, kwa sababu rangi zingegombana kwenye televisheni.

Adhuhuri likaja lori, na juu yake mtambo uliopakwa rangi ya kijani na kuandikwa ubavuni: MSAIDIZI WA MUDA WA JUA. Wakaushusha nyuma ya jukwaa na kuuwasha. Ukakohoa. Ukanyamaza. Ukakohoa tena, ukaanza kazi.

Mzee mmoja karibu yangu alivua kofia.

"Marehemu amepata nafuu," akasema.

Kutoka kwa Babu zilipita nyaya hadi kwenye taa kubwa za jukwaani, kwenye vipaza sauti na kwenye feni ya Mzinduzi Mkuu. Waya mmoja ulichimbiwa chini ya zulia mpaka kwenye taa ya chumba cha kuzalia. Betri za zahanati zilikuwa tupu, ndiyo, lakini wizara ilikuwa imefikiria. Kwenye meza ya jukwaani kulikuwa na kitufe cha rangi ya dhahabu. Mzinduzi Mkuu akimaliza hotuba angekibonyeza, taa ingewaka kule chumbani, na kamera zingeonyesha jua likifanya kazi usiku.

Alasiri hiyo hiyo Sikitu alishikwa na uchungu.

Nesi Nyamizi alimfuata Waziri pale alipokuwa anakagua zulia. Dakta Mbilizi ni mtu mnene wa sauti laini, huongea nawe kana kwamba kuna watu wengi nyuma yako.

"Mheshimiwa, nina mzazi ndani na mtoto ametanguliza mguu. Giza likiingia sitaona. Taa ya chumbani ina waya wa jenereta, naomba iwashwe sasa."

"Dada yangu mpendwa," alisema Waziri, "serikali inakuhurumia kutoka uvunguni mwa moyo wake. Lakini tufikiri pamoja, kitaifa. Taa ile ikiwaka kabla ya kitufe, kitufe kitazindua nini?"

"Kitazindua mtoto akiwa hai."

"Naam, na hilo tumeliwekea mpango. Mtoto atakayezaliwa baada ya kitufe atakuwa Mtoto wa Kwanza wa Jua. Jina lake limeshapitishwa. Mwambie mama ajikaze kidogo, asiharakishe."

Nesi aligeuka kurudi ndani. Alipokuwa akipita mbele ya kiti changu niliangalia chini, nikajidai nakagua lakiri.

* * *

Mzinduzi Mkuu alifika giza limeshaingia. Wimbo ukaimbwa, nikaitwa. Nilizivunja lakiri moja moja, nikavuta kamba, na kitambaa kikateremka kwenye paneli kikaniangukia mikononi. Watu walipiga makofi. Mzinduzi Mkuu akakaribia, akanyoosha kidole kuigusa paneli, akauliza kwanza kama inauma. Akaambiwa haiumi. Kisha akatazama juu, akaziona nyota.

"Mbona jua silioni?"

"Limekupisha, Mheshimiwa," akasema Waziri.

Jibu lilimridhisha, akapanda jukwaani, akafungua hotuba. Ilikuwa nene. Kitufe kilikuwa mezani karibu na glasi yake ya maji, mbali na mkono wake kiasi cha shibiri.

"Ndugu wananchi," alianza. "Wakati naingia madarakani, jua la nchi hii lilikuwa likichomoza hivi hivi tu, bila mpango, bila kamati. Lilitua lilipotaka. Nani alilisimamia? Hakuna. Wakoloni waliliacha hivyo, na waliotutangulia wakaliacha hivyo. Mimi nikasema hapana."

Makofi. Akafunua ukurasa. Sisi tuliokuwa karibu na zahanati tulimsikia Sikitu ndani, kwanza kwa mbali, kisha waziwazi. Ni sauti ambayo ukiisikia unaangalia ardhi. Mzinduzi Mkuu alipaza yake. Akaingia kwenye historia ya jua tangu enzi za mababu, akafunua ukurasa mwingine, akanywa maji. Mkono wake ulipokwenda kwenye glasi wanawake wote walijisogeza mbele kidogo, na uliporudi bila kugusa kitufe wakarudi nyuma.

Nesi Nyamizi akatokea mlangoni. Nyuma yake palikuwa na giza tupu, mikono yake imelowa.

"Mguu umetoka," alimwambia Bi Mboni. Hakusema kwa nguvu. "Mimi sioni. Napapasa tu."

Bi Mboni alitazama jukwaa lilivyokuwa linawaka, jeupe, mpaka ukaweza kuhesabu vifungo vya suti ya Waziri. Akatazama kitufe. Akatazama unene wa hotuba iliyobaki.

"Basi tumpeleke kwenye taa," akasema.

Waliingia ndani, wakatoka na Sikitu juu ya godoro, wanawake kila upande, wakashika njia ya zulia jekundu. Vijana wa usalama walipotaka kuwazuia, wanawake walianza kufungua kanga zao ili wasimamishe ukuta. Hapo wakakwama. Kila kanga iliyofunguliwa ilikuwa na uso wa Mzinduzi Mkuu, umekenua.

"Hizi zina mwanamume," akasema mmoja. "Atakuwa anamwangalia."

Hilo halikubaliki Tutafika. Walisimama pale katikati ya zulia na mzazi wao, hawana kanga hata moja isiyokuwa na macho. Ndipo Bi Mboni alipogeuka akaniona na kile kitambaa mikononi.

Kanuni za idara yetu ziko wazi. Kitambaa kikishavutwa kinakunjwa, kinatiwa sandukuni, kinafungwa. Hakigusi ardhi, hakiguswi na raia. Nimezitii kanuni hizo maisha yangu yote ya kazi, na siku zote nilijua nikizivunja nitakuwa na hoja kubwa ya kujitetea. Sikuwa nayo. Nilikuwa nimechoka tu. Nilichoka na kiti kile, na kumsikia Sikitu, na kumwona mtu akinywa maji.

"Mzee wa Kitambaa, tupe hicho," alisema Bi Mboni.

Nikawapa.

* * *

Kilitosha kulizunguka jukwaa zima. Wanawake walikishika kwa pindo lake, wakapanda nacho, na ukuta wa dhahabu ukasimama pale mwangani.

Wa kwanza kuondoka walikuwa vijana wa usalama, maana wengi wao wametoka vijiji vya aina ile, na kila mmoja alimwona mamake. Wakafuata wapiga ngoma, kisha kwaya upande wa wanaume. Mawaziri walitazamana, mmoja akajikuta anashuka, na wengine hawakutaka kubaki wachache. Mzinduzi Mkuu peke yake ndiye aliyebaki ndani ya ukuta, ameshika kurasa zake.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Baba, tupishe," Bi Mboni alimwambia kwa adabu. "Hapa pana mzazi."

"Lakini sijafika kwenye kitufe."

"Utakikuta."

Nadhani ni mara ya kwanza mtu kumwambia asubiri. Alisimama kidogo kana kwamba anatafuta ukurasa unaozungumzia hali hiyo. Hakuupata, akashuka.

Sisi wanaume tulikwenda nyuma ya zahanati, serikali yote na kijiji chote pamoja, tukasimama gizani. Palikuwa hapaonekani kitu. Baraza la Mawaziri lilipapasa likapata mahali pa kukaa, na baadaye ikajulikana ni juu ya kaburi la Babu. Mzinduzi Mkuu alikuwa karibu yangu. Nilimtambua kwa marashi.

"Hapa pana giza sana," akasema.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Ni hivi siku zote?"

"Siku zote, Mheshimiwa."

Kwa muda mfupi nilidhani kuna jambo litasemwa.

"Ni giza la mpito," ikaja sauti ya Waziri kutoka kaburini.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka. Kipaza sauti kilikuwa bado wazi pale jukwaani. Tulikuwa tumekwenda mahali pa kutoona, na sasa kila spika ya serikali ikatuletea sauti ya Nesi Nyamizi mpaka masikioni. "Usisukume bado. Sasa nauona vizuri. Tulia, mama. Mwingine huo hapo, nimeupata. Haya, sasa." Wanaume waliziba masikio, walihangaika, hawakuwa na pa kukimbilia kwa sababu hawaoni. Mimi sikuziba. Nilisimama nikisikiliza kikohozi cha Babu kule nyuma ya jukwaa, nikimwomba Mungu mzee huyo asife tena.

Halafu akalia mtoto. Alilia kwenye spika zote, sauti ikaenda hadi mlimani ikarudi. Kule jukwaani wanawake walipiga vigelegele. Huku gizani mzee yule wa kofia alikuwa analia bila kujificha, kwani nani angemwona?

* * *

Redio ilitangaza asubuhi kwamba Mzinduzi Mkuu amemzindua mtoto. Jina lililopitishwa lilikuwa la kiume na mtoto ni wa kike, kwa hiyo suala limerudishwa kwenye kamati. Babu alipakiwa kwenye lori, akarudishwa mjini kuendelea kuchunguzwa.

Kuhusu paneli, wanasheria walikaa tena. Hotuba haikumalizika, kitufe hakikubonyezwa, kwa hiyo mradi haujazinduliwa, na kitambaa kinatakiwa kurudishwa mara moja mpaka itakapotangazwa tarehe nyingine. Niliipokea amri hiyo nikiwa kilimani, nikaitikia ndiyo. Ila kanuni za idara yetu ziko wazi. Kitambaa hakirudishwi juu ya mitambo ya umeme kikiwa kibichi, ni hatari kwa maisha. Nacho, kwa mambo yaliyotokea siku ile, kililazimika kufuliwa.

Bi Mboni anakifua. Ni kikubwa, na ni mali ya serikali, hakiwezi kukatwa. Kinatandazwa uani na kwenye ua wa jirani, na ncha yake moja inafika kibarazani, ambako Sikitu anamlaza mtoto juu yake kwa sababu satini ni laini na mtoto ni mchanga. Kitambaa kikiwa kibichi ncha moja, kisheria chote ni kibichi.

Paneli ziko wazi. Zahanati ina mwanga usiku kucha. Taa zinawaka, lakini kwa kuwa hazijazinduliwa, hazipo, na mimi siwezi kuripoti kitu kisichokuwepo. Juzi Nesi Nyamizi alimzalisha mjukuu wa jirani saa za giza, akatoka nje akinawa mikono, akanikuta kwenye kiti changu.

"Bado unakilinda?" akaniuliza.

"Nakilinda, Nesi."

Aliniletea chai.

Wizara hupiga simu kila wiki. Nesi amenipa ruhusa ya kuchajia simu zahanati, kwa hiyo sasa napatikana hata huku chini. Leo amepiga Waziri mwenyewe, sauti laini ile ile, ila imekaza kidogo. Amesema amefuatilia hali ya hewa ya Tutafika na ameona ni jua kali tangu siku ya sherehe. Amesema taifa zima linangoja. Akauliza, kwa jua lote hilo, inawezekanaje kitambaa kisikauke?

Nilimwomba asubiri kwenye laini. Nilikwenda kibarazani, nikainama mbele ya mtoto, nikaigusa ile ncha kwa mkono wangu, maana mimi ni mtumishi wa umma na sidanganyi kwenye simu ya serikali. Sikitu alikuwa anacheka.

"Bado kibichi, Mheshimiwa," nikamwambia.